Mti wa Tanjelo na Jirani Zake

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie kilimo cha tanjelo, nami nitaanza na lalamiko linalojulikana sana miongoni mwa wanaolima tunda hili. Mkulima amejaza shamba zima miche mizuri ya aina ya Minneola, miti imekua, imechanua mpaka harufu ya maua imetanda, lakini matunda yaliyoshika ni ya kuhesabu. Hapo hulaumiwa mbolea, ilhali mara nyingi kosa lilifanyika siku ile ile ya kupanda.

Ili tuelewe sababu, hatuna budi kuwajua wazazi wa tunda lenyewe. Tanjelo ni chotara wa chenza na balungi. Walter Swingle, mtaalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alianza kuzichanganya jamii hizi huko Florida mwaka 1897, kwa kazi inayohitaji mkono mtulivu: ua hufunguliwa kabla halijachanua, sehemu zake za kiume huondolewa, hupakwa chavua ya mti mwingine, kisha hufunikwa kwa mfuko ili nyuki asije akaleta ya kwake. Minneola, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1931, imezaliwa na balungi la Duncan na chenza la Dancy. Kwa chenza imerithi rangi iliyokolea na utamu. Kwa balungi imerithi wingi wa maji na ule ukali kidogo unaofanya utamu wake usikinaishe.

Tatizo ni kwamba chavua ya Minneola haiwezi kulirutubisha ua la Minneola. Na kwa kuwa miche yake huzalishwa kwa kubebesha, yaani kuunga kichipukizi cha mti mmoja juu ya shina la mti mwingine, miti mia moja ya shambani ni mti mmoja uliorudiwa mara mia, wala hakuna hata mmoja unaoweza kumsaidia mwenzake. Orlando, aina nyingine ya tanjelo na ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja, naye hafai. Cha kustaajabisha ni kwamba Dancy, ambaye ni mzazi, anafaa. Temple na klementini, aina nyingine za jamii ya machungwa, pia hufaa. Basi safu za miti hiyo zichanganywe na za Minneola, na mizinga ya nyuki iwekwe karibu wakati wa maua.

Uchavushaji huo una gharama yake, yaani mbegu, ambazo huweza kufika 7 hadi 12 katika tunda moja. Wako wanaoipanda Minneola peke yake na kuyanyunyizia maua asidi ya jibereli, homoni ya mimea, ili matunda yashike bila kurutubishwa. Kwa maoni yangu, asiye na mnunuzi wa hakika wa matunda yasiyo na mbegu ni heri azikubali mbegu.

Kuhusu shina la kubebeshea, nitasema moja tu: mti uliobebeshwa juu ya mdanzi, yaani mti wa machungwa machungu, huzaa matunda mazuri, lakini virusi vya tristeza, vinavyoenezwa na vidukari, huiua miti iliyobebeshwa juu ya shina hilo. Maradhi yanayoiandama Minneola yenyewe ni madoa ya kahawia yanayosababishwa na kuvu wa Alternaria, ambaye hushambulia majani machanga na matunda madogo. Kuvu huyo huhitaji majani yaliyolowa, na kwa hiyo maji yapitishwe chini ya mti, yasirushwe juu yake, na miti ipewe nafasi ya kupitisha upepo.

Tanjelo haliongezi utamu baada ya kuchumwa, kwa hiyo lionjwe kwanza, kwani rangi pekee hudanganya. Likiwa tayari, likatwe kwa mkasi, kikonyo kikiwa kifupi kisije kikatoboa matunda mengine. Minneola ina shingo iliyochomoza upande wa kikonyo, na anayelivuta kwa mkono huichana shingo hiyo, ukungu ukapata mlango wa kuingilia, na baada ya siku chache sanduku zima likawa na harufu ya kuoza.