Ueno: Kwanza Ardhi, Kisha Maua

Ndugu zangu, kila nikiitaja Ueno naulizwa maua. Ni mazuri, sibishi. Mwishoni mwa Machi njia kuu ya bustani ile ya Tokyo hufunikwa na sakura, maua ya micheri. Watu wametandika maturubai ya buluu, viatu vimepangwa pembeni, chakula katikati. Wengine huwahi tangu alfajiri kuwashikia wenzao nafasi. Ila leo nizungumzie ardhi waliyoikalia.

Pale palikuwa na hekalu la Kan'ei-ji. Mwaka 1868 vita vikapiganwa palepale, majengo mengi yakateketea. Serikali mpya ikataka kujenga hospitali na chuo cha udaktari juu ya kilima kile. Nani angepinga hospitali? Mwaka 1870 akaitwa Anthonius Bauduin, tabibu wa Kiholanzi, akague kiwanja. Daktari huyu, jamani! Akashauri hospitali ijengwe pengine, miti ile waachiwe watu. Akasikilizwa. Mwaka 1873 Ueno ikatangazwa bustani ya umma, miongoni mwa za kwanza kabisa Japani. Mwaka 1973 wakamwekea sanamu, kumbe sura ni ya mdogo wake wa kiume. Ikarekebishwa mwaka 2006. Na bado wageni humpita wakikimbilia kupiga picha matawi. Inaniuma.

Najua kuna anayesema moyoni: "Wajapani matajiri, ardhi ya kuchezea wanayo." Utajiri gani, mwaka 1873? Nchi ilikuwa juzi tu imetoka vitani! Waliamua kwanza, utajiri ukaja ukaikuta bustani ipo. Wala msiniambie kwetu haiwezekani. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kusimamishwa Uhuru Park, Nairobi. Alitukanwa, akabezwa, hakurudi nyuma. Jengo halikujengwa.

Miti yenyewe niiseme upesi, muda unanibana. Mingi ni Somei Yoshino, aina ya sakura ambayo huzalishwa kwa kubebesha, yaani kuunganisha kitawi chake kwenye shina la mti mwingine, si kwa mbegu, kwa hiyo yote ni kama mti mmoja: huchanua pamoja, hupukutika pamoja. Na joto linaiharakisha. Mwaka 2021 sakura za Kyoto zilifikia kilele Machi 26, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu za zaidi ya miaka 1,000. Hilo lina mhadhara wake.

Sasa waheshimiwa madiwani mliomo humu, nijibuni kabla hatujatoka: kiwanja cha wazi kilichobaki katika kata yako kimesajiliwa kwa jina la nani?