Simu Ikilia Usikimbilie Kuokoa

Haya, nimepewa dakika ishirini na mwenyekiti nimemuona ashaanza kutazama saa, kwa hivyo historia naiacha. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 mnaijua, 1195 mnajua ni laini ya kitaifa ya ukatili wa kijinsia na haikati pesa, na hii laini yetu ya kujitolea ya waliobakwa ya hapa Mombasa mnajua ni ndogo, simu mbili na birika la chai. Nitasema lile lile ninalosema kila mwaka na nyinyi wa zamani naomba msigune. Anayepiga ndiye anayeamua. Si wewe, si mimi, na wala si yule mumeo uliyemsimulia simu ya juzi wakati uliapa hutosimulia mtu.

Nawapa mfano, vitu vidogo nimevibadilisha asijulikane. Simu inaingia usiku, sauti ya mwanamke, changamfu kabisa, anasema "Haloo fundi, ile nguo yangu vipi?" Msichana wetu mpya akataka kusema umekosea namba. Mwenzake aliyekaa naye akamshika mkono, akamwandikia kwenye daftari: MUULIZE YUKO SALAMA. Akauliza, "Dada, kuna mtu karibu? Kama yupo, niambie nguo bado." Yule akajibu, "Ah fundi, nguo bado, unanichelewesha." Na kwa nyuma ukiskiza unasikia mpira, mtangazaji anapiga kelele za goli. Aliyembaka alikuwa pale pale sebuleni anatazama mechi.

Sasa hapo wengi wenu mngefanya nini? Mngeanza: hama hiyo nyumba sasa hivi, nenda polisi, nipe jina la huyo mshenzi. Na yeye angekata. Msichana akaandikiwa kwa daftari aulize maswali ya ndiyo na hapana tu. Ilikuwa leo? "La, kitambaa nilikuletea jana usiku." Umeumia, damu inatoka? "Hapana, ni kupunguza kiunoni tu." Unaweza kutoka bila kuulizwa? Akafikiri kidogo, halafu, na hapa ndipo mnisikize, akasema, "Kesho asubuhi nampeleka mtoto kliniki, nitapitia." Mpango alikuwa nao tayari! Alichokosa ni habari, kwamba hospitali hiyo hiyo ya kliniki ya mtoto inampokea na yeye, kwamba si lazima apitie polisi kwanza, na kwamba jana usiku mpaka kesho asubuhi bado yumo ndani ya masaa 72 ya kuanza dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Akaambiwa hayo, akajibu "sawa fundi, usinidanganye tena," akakata. Hakuna aliyemuokoa. Alijipeleka mwenyewe.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema lakini mama, masaa 72 yanakwenda, tusimsukume? Hapana, usimsukume, MWAMBIE. Dawa za kuzuia virusi, hizi PEP, zinaanzwa ndani ya masaa 72, mapema zaidi ndio bora, zinamezwa siku 28. Vidonge vya kuzuia mimba mpaka masaa 120, na hivyo pia mapema ndio bora. Sema hivyo, kwa sauti ile ile unayomtajia mtu bei ya nyanya, halafu nyamaza. Unyamaze kweli, sio unahesabu mpaka tatu unaanza tena kumhubiria. Mtu alishaamuliwa mambo ya mwili wake kwa nguvu, halafu na wewe kwenye simu unamuamulia tena? Na anayepiga baada ya miaka kumi, masaa yote yalishapita, huyo naye ni wetu, usimuulize alikuwa wapi siku zote.

Na yule mwingine, maana kila mwaka hakosekani, na wanaosingizia je? Ndugu yangu, hiyo sheria ya 2006 ilipotoka ilikuwa na kifungu cha 38 cha kumuadhibu anayesingizia, matokeo yake waliobakwa wakaogopa kushtaki, na mwaka 2012 kikafutwa. Sisi si mahakama. Ukitaka kuhoji ushahidi kasomee uwakili.

Mwenyekiti naona, naona. Haraka haraka basi. Namba ifutwe kwenye simu yake kabla hamjaagana, mfundishe, na usimpigie wala kumtumia meseji kama hamkukubaliana. Akitaka kwenda hospitali, asioge, nguo asifue, aziweke kwenye bahasha ya kaki au gazeti, sio plastiki maana zinashika unyevu na ushahidi unaoza, na hiyo mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017 ila najua bado mnaificha chini ya godoro. Ashaoga? Aende vile vile, usimtie hatia. P3, ile fomu ya polisi ya kuandika majeraha, ni bure, akiombwa hela atuambie. Fomu ya PRC, ya matibabu ya aliyebakwa, inajazwa hospitali, aulize nakala yake.

Mume akiwa ndiye aliyebaka, sheria yetu hiyo ya 2006 kifungu cha 43 kimewaacha nje waliooana, nimepiga kelele mpaka nimechoka, lakini simu yake unapokea na hospitali anatibiwa kama yeyote. Mtoto chini ya miaka 18 hapo mambo ni mengine, hiyo hatumwachii aamue peke yake, mnampa msimamizi wa zamu papo hapo, na 116, laini ya watoto, ipo. Hilo lilikuwa na nusu saa yake, tutalifanya Jumamosi.

La nyinyi wenyewe kulala vibaya baada ya zamu sina muda nalo leo, ila msimamizi yupo kwa ajili hiyo, sio mumeo, nimerudia. Karatasi ya zamu iko pale mlangoni. Jumanne mchana mmejaa tele, Ijumaa na Jumamosi usiku hakuna hata jina moja, na simu zinalia lini? Andikeni kabla ya kugusa sambusa.