Alumini Ilijificha Wapi?

Ndugu zangu, alumini ndiyo metali iliyo nyingi kuliko zote katika gamba la dunia, takriban asilimia 8 ya uzito wake. Shaba ni haba mno ukiilinganisha nayo. Mbona basi watu walifua shaba maelfu ya miaka iliyopita, na alumini ikaja kupatikana mwaka 1825 tu, mikononi mwa mwanasayansi wa Denmark, Hans Christian Ørsted?

Jibu liko kwenye oksijeni. Metali iliyo nyepesi kumenyuka, yaani kuungana na elementi nyingine, huing'ang'ania oksijeni ndani ya mbale (mawe yenye metali), na kadiri inavyong'ang'ania ndivyo kuichenjua kunavyodai nishati. Dhahabu haishikamani na oksijeni, ndiyo maana huokotwa mtoni ikiwa dhahabu tayari. Shaba, risasi, bati, zinki na chuma zimo katikati: hizo kaboni inaziweza.

Hapo kwenye chuma naomba tukae kidogo, maana wengi hudhani makaa kazi yake ni kutoa joto tu. Tanuruni koki (makaa ya mawe yaliyookwa hadi yakabaki karibu kaboni tupu) huungua ikawa kaboni dioksaidi. Gesi hiyo hukutana na koki nyingine yenye moto ikageuka kaboni monoksaidi, nayo ndiyo hupanda kati ya mawe na kuyapokonya oksijeni (Fe ni chuma, C kaboni, O oksijeni):

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Mimi huu mlingano naupenda sana. Sehemu kubwa ya kazi imefanywa na gesi isiyoonekana! Mawe ya chokaa nayo huungana na mchanga uliomo kwenye mbale, yakawa mavi ya chuma yanayoelea juu, na chuma kilichoyeyuka kikatuama chini.

Sasa mjaribu hivyo kwa alumini. Katika joto la tanuru kama hilo kaboni haifui dafu, kwa sababu alumini inaipenda oksijeni kuliko kaboni inavyoipenda. Njia ilikuwa imeoneshwa na mwanakemia Mwingereza Humphry Davy mwaka 1807, alipotoa potasiamu na sodiamu kwa umeme. Lakini oksaidi ya alumini sharti iyeyuke kwanza ndipo umeme uifanyie kazi, nayo huyeyuka kwenye zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi. Mwaka 1886 vijana wawili, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua kwamba ukiiyeyushia ndani ya krioliti (madini yenye sodiamu, alumini na florini), kazi hufanyika kwenye nyuzi 950 hivi. Wote wawili walizaliwa 1863.

Umeme huipa kila ayoni (atomu yenye chaji) ya alumini elektroni 3 ilizopungukiwa:

Al³⁺ + 3e⁻ → Al

Oksijeni huishia kwenye anodi (ncha chanya za umeme) za kaboni na kuziunguza, hivyo hubadilishwa kila mara. Kilo moja ya alumini hula umeme wa kilowati-saa 13 hadi 15. Kopo kuukuu likiyeyushwa upya hudai takriban asilimia 5 tu ya nishati hiyo, kwa kuwa oksijeni ilishang'olewa mara ya kwanza.