Mitokondria za Kitunguu: Mbona Moja ya Duara, Nyingine Ndefu?

Haya, karibuni maabara, hapa Kigoma. Leo tunatazama mitokondria, vijiungo vya ndani ya seli vinavyotoa nishati; tuna kitunguu cha soko la Mwanga na Janus Green B, rangi inayozitia mitokondria kijani-buluu. Tunataka gramu 0.01 ya rangi kwenye mililita 100, lakini mizani nyingi za shule hazipimi kiasi hicho, kwa hiyo yeyusheni gramu 0.1 ya rangi kwenye mililita 10 za maji, kisha choteni mililita 1 tu mtie kwenye mililita 99 za maji ya sukari, gramu 7 kwa kila mililita 100. Kumenya mnajua.

Bandueni utando mwembamba wa upande wa ndani wa ganda, ule uliobonyea kama bakuli. Kipande cha milimita 5, kwenye rangi dakika 10. Maji ya sukari, jamani, si ya bomba! Maji matupu yakiingia seli zilizochanwa na wembe, mitokondria huvimba kama mipira, nanyi mnaandika daftarini kwamba zote ni za duara. Narudia: sukari. Na seli za ukingoni msizitazame.

Slaidi, tone la rangi ileile, kifuniko, lenzi ya 40. Punguzeni mwanga... ngojeni, picha imecheza. Hapo. Vidoa vya kijani-buluu vimebanwa pembezoni, katikati pamejaa vakuoli, ule mfuko wa maji wa seli. Mtazameni huyu: duara, sivyo? Nasogeza fokasi kidogo, kidogo tu... kumbe kijiti, kilisimama wima! Kateni bamia kukingama, kisha nyingine kwa urefu, mtanielewa.

Wengine ni wafupi kweli. Mitokondria hukatika na kuungana muda wote. Kwenye seli za wanyama, protini ya Drp1 hujifunga kama pete na kuminya. Protini nyingine, mitofusini, huunganisha utando wa nje, na OPA1 wa ndani. Kitunguu hukatia kwa ndugu wa Drp1, protini ya DRP3. Seli ya mnyama ikikosa chakula, mara nyingi zinarefuka; ikiumia, zinakuwa vipande. Carl Benda alipozipa jina mwaka 1898, aliunganisha maneno ya Kigiriki ya uzi na punje. Alipatia.

Lenzi ya 100 inataka mafuta ya hadubini. Si mawese, najua tuko Kigoma.

Mnaona rangi inapauka? Mitokondria hubaki na rangi zikiwa na oksijeni, na chini ya kifuniko imekwisha. Msiongeze rangi. Bandueni kipande kipya.