Muuguzi wa Shule na Njia ya Kwenda Nyumbani kwa Mtoto

Ndugu walimu, wazazi, na wauguzi wenzangu, hamjambo.

Nianzie mbali kidogo, jijini New York, mwaka 1902. Madaktari wa jiji walipita shuleni wakikagua watoto. Aliyekutwa na chawa, mapunye au macho yenye trakoma, ugonjwa wa kuambukiza unaoweza kupofusha, alirudishwa nyumbani na kikaratasi mkononi. Wazazi wengi walikuwa wahamiaji, kikaratasi hawakuweza kukisoma, na fedha ya matibabu hawakuwa nayo. Mtoto akabaki mtaani, jioni akicheza na wale wale aliotengwa nao asubuhi.

Lillian Wald, muuguzi aliyeongoza Henry Street, kituo kilichopeleka wauguzi majumbani kwa maskini, akalipatia jiji muuguzi mmoja kutoka kwake, Lina Rogers. Tarehe 1 Oktoba akaanza kazi katika shule 4, kwa majaribio ya mwezi mmoja. Shuleni alisafisha vidonda na kutia dawa, kisha akawafuata nyumbani waliorudishwa na kuwaonyesha mama zao namna ya kuwauguza. Jiji likaajiri wauguzi zaidi. Septemba 1902 watoto 10,567 walikuwa wamezuiwa kuingia darasani. Septemba 1903 walikuwa 1,101.

Nawasimulia haya kwa sababu kile kikaratasi bado tunacho. Leo tunakiita rufaa. Tunaandika, tunapiga muhuri, tunajaza rejista, tukidhani kazi imekwisha.

Chukueni mapunye ya kichwani. Dawa ya kupaka haifiki kwenye mizizi ya nywele, kwa hiyo mtoto hupewa ya kumeza, mara nyingi kwa wiki 6 hadi 8. Wiki ya tatu kichwa kinaanza kupendeza na mama anaacha dawa. Hana kosa, maana hakuna aliyemwambia kwamba kuvu bado wamo. Mapunye yakirudi, tunasema ile familia haijali usafi. Kauli hiyo inaniuma kila nikiisikia. Fika nyumbani kwao kwanza: pengine utakuta kitana kimoja kinapita vichwa vya watoto wote, na wadogo zake hawajawahi kuangaliwa na mtu.

Kupima uzito, macho na kutoa chanjo nayapita haraka, mnayafahamu. Ila masikio niyaseme. Mtoto anayetokwa usaha sikioni mara kwa mara huenda hasikii vizuri, na darasani ataitwa mkaidi. Mwalimu, kabla hujamwadhibu kwa kutokujibu, mlete kwangu.

Sasa, nyumbani kwa watu tunaingiaje? Piga hodi, ngoja ukaribishwe, kaa unapoonyeshwa. Macho yasianze kukagua vyombo. Na usimuulize mama kama ameelewa maelezo ya dawa. Mwombe akuonyeshe anavyompimia mtoto. Nimewahi kuona dawa ikipimwa kwa kijiko cha chakula, ilhali chupa imeandikwa kijiko cha chai. Mama yule ningemuuliza tu, angeniitikia "ndiyo" kwa heshima, na mtoto angeendelea kunyweshwa mara tatu ya kipimo chake.

Kuna jambo moja wauguzi wachanga huniuliza sana, nalo ni siri. Mtoto anakuja kila Jumatatu, tumbo linauma. Unampima, huoni kitu. Siku moja anakwambia, "Nikikueleza usimwambie mtu." Hapo ulimi unawasha kuahidi, maana unamhurumia. Usiahidi. Mwambie hivi: "Mengi yatabaki kati yetu. Lakini ukiniambia kuna mtu anakuumiza, itanibidi niwaeleze wanaoweza kukulinda, na wewe utajua kabla yao." Ukimwahidi kisha ukalazimika kusema, atajifunza kwamba hata muuguzi si wa kuaminiwa, na hatasema tena kwa mtu mwingine yeyote.

Wengine huniambia, "Akisikia hivyo atanyamaza." Kweli, wapo wanaonyamaza. Anainuka, anarudi darasani, nawe unabaki na wasiwasi wiki nzima. Usimfuate kwa maswali. Jumatatu nyingine anarudi, anakaa kwenye benchi lile lile, anasema tumbo linauma tena. Ndiyo maana nawaomba wakuu wa shule mlio hapa: msitupangie kuja siku za chanjo peke yake. Mtoto yule anahitaji kukuta mlango uko wazi Jumatatu hiyo, na ndani yupo mtu yule yule.