Pedi Mpya, Breki Zinalia

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni.

Kabla hatujakaa, watu kadhaa wamenisimulia kisa kilekile. Umenunua pedi za breki Gerezani, umefunga mwenyewe nyumbani, hela ya fundi imebaki mfukoni. Kesho yake unashuka mlima wa Kimara, gari linapiga yowe mpaka kondakta wa daladala anachungulia. Unarudi dukani umekunja uso: mmeniuzia feki! Huenda ni feki kweli, zipo. Lakini mara nyingi pedi haina kosa. Kabla hujatoa hela nyingine, fungua tena tairi uangalie pedi hiyo umeikalisha juu ya nini.

Ule mlio mwembamba ni mtetemo. Pedi ikiibana diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi, inang'ang'ania, inateleza, inang'ang'ania tena, maelfu ya mara kwa sekunde moja. Pedi ikiwa na nafasi ya kucheza ndani ya kalipa, kile chuma kinachozishika pedi na kuzibana kwenye diski, mtetemo unakua hadi unausikia barabarani. Ndiyo maana kiwandani huweka vibati vyembamba mgongoni mwa pedi, na klipu za chuma pale masikio ya pedi, yaani ncha zake za pembeni, yanapokaa. Sasa niambieni, tukimaliza kufunga, ni vitu gani hubaki sakafuni? Ni hivyohivyo. "Fundi, hivi vimezidi." Havijazidi! Vya zamani vikiwa vizima visafishe uvirudishe; vikiwa vimeliwa na kutu, ulizia vipya unaponunua pedi.

Kutu hapa kwetu ni habari nzito. Upepo wa chumvi unawafikia watu wa Kigamboni, Kunduchi na Mbezi Beach kila siku. Kutu hujijenga chini ya klipu polepole, nafasi ya pedi inabana. Unapofunga pedi mpya inaingia kwa nguvu, unaigonga na nyundo, unaona imekaa vizuri. Haijakaa. Pedi inatakiwa iteleze kwa mkono. Isipoteleza, ukiachia breki hairudi. Inaendelea kuburuza diski, inapata joto, inalia, na inaisha kabla ya mwenzake. Toa klipu, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Ila vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa sababu baadhi ya pedi zina asbesto, madini yanayodhuru mapafu. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa, na uvae barakoa.

Kisha vuta zile pini ambazo kalipa hutelezea. Zikiwa kavu au zimekwama, pedi moja inafanya kazi ya mbili. Zipake grisi ya silikoni. Grisi ya beringi iacheni kwenye beringi, kwa maana huvimbisha mipira ya pini. Mgongoni mwa pedi, pale inapogusa pistoni inayoisukuma pedi, na kwenye masikio, paka grisi ya breki inayovumilia joto, tabaka jembamba tu. Usoni mwa pedi na kwenye diski isiguse hata tone. Nimesikia watu wakishauriana kudondosha oili kwenye diski ili inyamaze. Jamani, hapana! Itanyamaza, na gari halitasimama. Mtoto wa mtu anavuka barabara pale mbele.

Diski nayo itazame. Ikiwa na mifereji, pedi mpya haiwezi kuigusa yote sawasawa. Inaweza kukerezwa, lakini unene wa mwisho unaoruhusiwa kwa kawaida umeandikwa kwenye diski yenyewe, kwa herufi MIN TH. Ikifika chini ya hapo, nunua nyingine.

Hatua inayorukwa na karibu kila mtu ni kuzizoesha pedi. Kwanza, kabla gari halijasogea, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, maana pistoni ulizirudisha nyuma ili pedi mpya ziingie. Halafu tafuta barabara tupu, Jumapili alfajiri, siyo Morogoro Road saa ya foleni. Nenda kilomita 50 kwa saa, punguza taratibu hadi 10 bila kusimama kabisa, rudia kama mara kumi. Baada ya hapo tembea bila kukanyaga breki mpaka zipoe.

Mama pale nyuma aliuliza kuhusu kelele ya asubuhi baada ya mvua. Hiyo ni kutu ya usiku mmoja juu ya diski. Ukikanyaga mara chache inafutika, usifungue chochote. Kelele inayosikika hata hujakanyaga breki, angalia lile bati la vumbi nyuma ya diski, hupinda ukilisukuma wakati wa kazi. Baadhi ya pedi zina kiulimi cha chuma cha kuonya kwamba zimeisha. Ukifunga upande usio wake, kinaweza kugusa diski pedi ikiwa bado mpya. Lakini ukisikia chuma kinasaga chuma, au pedali inazama, paki gari hapohapo umwite fundi.

Haya, tutoke nje. Toyota IST ipo juu ya stendi, siyo jeki peke yake, na tairi la mbele kushoto limeshatolewa. Nani atavuta pini ya kwanza?