Kibarua cha Kiangazi na Kujifunza Kihispania

Mabibi na mabwana, na hasa vijana mliofika jioni hii,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupata kazi ya msimu nchini Hispania wakati wa kiangazi, kwa mtu ambaye papo hapo anataka kukiendeleza Kihispania chake. Wengi huanza kwa kuuliza mshahara. Mimi naomba tutangulize swali jingine: katika kazi hiyo utazungumza na nani, na kwa lugha gani?

Nasema hivyo kwa sababu sehemu kubwa ya vibarua vya kati ya Juni na Septemba hupatikana katika hoteli, baa na mikahawa ya pwani, na pwani nyingine hujaa Waingereza na Wajerumani. Kijana anayeajiriwa katika baa ya Magaluf, kisiwani Mallorca, huajiriwa kwa ajili ya Kiingereza chake, na anaweza kumaliza msimu akiwa na Kihispania kilekile alichokwenda nacho. Kambi za watoto zina mtego wa namna hiyo, kwani anayechukuliwa kufundisha Kiingereza mara nyingi hukatazwa kuwasemesha watoto lugha yao. Isitoshe, Mallorca, Ibiza na pwani ya Costa Brava ni maeneo ya Kikatalani, lugha nyingine tofauti na Kihispania. Kihispania utaeleweka nacho, lakini wenzako wa kazini huenda wakataniana kwa lugha usiyoifuata.

Afadhali basi kutafuta mahali ambapo Wahispania wenyewe huenda kupumzika. Watu wa Madrid hulikimbia joto wakaenda Cantabria na Asturias, kwenye bahari ya kaskazini, na huko mteja akikaa mezani ataagiza kwa Kihispania bila kukuonea huruma. Cádiz, huko Andalusia kusini, nako kunafaa, ila mjiandae: Waandalusia humeza herufi s, hata más o menos, yaani "takriban", ikasikika kama "má o meno".

Kuhusu aina ya kazi, nina maoni ambayo huwashangaza wengi. Kwa anayeanza, kuosha vyombo katika jiko la wenyeji kuna faida kuliko kuhudumia meza za watalii. Mhudumu hurudia sentensi zilezile kumi kutwa nzima, ilhali jikoni maneno hayakauki: lete, ondoa, jihadhari, nipishe. Hali ya kuamuru, ambayo vitabu huichelewesha, huko utaimudu siku ya kwanza kwa kuwa sufuria ya moto haisubiri. Huko pia hurekebishwa kosa ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili hulifanya sana. Tukiitwa, tunajibu "naja". Mhispania husema voy, yaani "naenda", na ukijibu vengo, yaani "naja", watakucheka. Tuna bahati lakini: irabu za Kihispania ni tano kama zetu, na kitenzi chao humbeba mtenda ndani yake, kwa hiyo hablo haihitaji kiwakilishi, kama vile "nasema" isivyokihitaji.

Zamu za mikahawa mara nyingi hukatwa vipande viwili: chakula cha mchana hadi kama saa kumi, kisha kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita au zaidi. Ule mwanya wa katikati ndio saa yenu ya daftari, au ya usingizi, sitawahukumu.

Mavuno nayo yapo: matunda huko Lleida wakati wa kiangazi, na zabibu huko La Rioja Septemba na Oktoba. Yanachosha mwili na hayana mazungumzo mengi.

Sasa karatasi. Asiye raia wa Umoja wa Ulaya ajue kwamba viza ya matembezi, ile ya siku 90 ndani ya siku 180, haimruhusu kufanya kazi. Njia zilizo halali ni kibali cha kazi ya msimu, ambacho mwajiri ndiye hukiomba, au viza ya masomo; mwanafunzi wa elimu ya juu huruhusiwa kufanya kazi hadi saa 30 kwa wiki. Lazima uwe na namba ya mgeni iitwayo NIE, namba ya hifadhi ya jamii na mkataba wa maandishi. Kima cha chini cha mshahara kwa mwaka 2025 kilikuwa yuro 1,184 kwa mwezi, hulipwa mara 14 kwa mwaka, kwa kazi ya saa kamili. Anayekwambia mkataba utafuata baadaye, mwache. Ukiunguzwa na mafuta kabla ya kuandikishwa, kudai matibabu na fidia kutakuwa kazi ngumu.

Waajiri huanza kutafuta watu mapema, tangu Februari hadi Aprili. Hata hivyo, kwa anayeruhusiwa kufanya kazi na tayari yuko huko, kupeleka wasifu kwa mkono bado kunafaa. Msiende saa nane mchana, meza zinapofurika. Nendeni saa kumi na moja jioni, mwulize ¿Está el encargado?, yaani kama msimamizi yupo, na mkiambiwa vuelve mañana, rudini kesho yake saa ileile.